Siku Kuku Alipokula Dunia

Nikisikia harufu ya boga lililolala ndani ya nyumba, narudi Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, msimu wa mavuno, wakati kila familia hupeleka kanisani zao la kwanza la shamba kwa shukrani. Mwaka ule boga letu lilishinda yote, nami nililibeba kichwani kwa maringo. Nyuma yangu alikuja mdogo wangu wa kike, Furaha. Tangu tukimbie na kumwacha koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Fizi, swali lake lilikuwa moja tu: koko yuko mbali kiasi gani? Mama alikuwa amechoka kujibu.

Mwalimu wetu Dezire, Mrundi mcheshi, alimwomba mchungaji amwazime boga lile. Akaliweka mlangoni pa kanisa, akasema hili ni jua. Akatembea mpaka kwenye bomba la maji, akaweka punje ya mtama juu ya jiwe: hii ni dunia. Tulicheka. Dunia yote, na maziwa yake na milima yake, punje? Akauliza nyota iliyo jirani kabisa na jua, yaani boga jingine, tungeliweka wapi. Mimi nikasema Rwekubo, kwenye maduka. Wengine wakasema Mbarara, maana hatukujua mbali kuliko hapo. Mwalimu akatikisa kichwa: piteni Mbarara, piteni Kampala, vukeni bahari, na bado. Uwanja ukawa mpana ghafla, na boga letu likabaki peke yake.

Hapo kuku wa mchungaji akaja, akaidonoa dunia. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Furaha akalia.

"Koko alikuwa mule," alisema.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akachuchumaa, akamwekea punje nyingine kiganjani. "Tazama, mama. Koko yuko humu. Na wewe uko humu. Nionyeshe sasa nafasi iliyo kati yenu."

Furaha akaigeuza punje, akatafuta, akatafuta. Hakuiona. Jioni ile alimaliza ugali wake wote.

Siku hizi nasuka nywele Kakoba, mjini Mbarara, palepale nilipodhani ndipo mwisho wa mbali, na mteja akisinzia nawaza maboga yaliyotawanyika gizani. Milima haikutani, binadamu hukutana, lakini koko bado yuko Fizi. Tunaipata sauti yake tu, mtandao ukikubali. Furaha, msichana mkubwa sasa, humwuliza kwanza kama huko kuna jua. Koko akijibu lipo, yeye huchungulia dirishani na kusema, "Ni boga letu lile lile, koko." Na koko, ambaye hata leo hajui ni boga gani, huitikia amina.