Glasi Tatu za Maji ya Posa

Mlima uliungua siku nne mfululizo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza posa yangu tu. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani, nauza mitumba sokoni Morogoro, na binti niliyempenda alinipa Jumamosi moja tu ya kuleta wazee kwao. Nikiikosa, kulikuwa na fundi redio mwenye pikipiki anayesubiri zamu yake. Pikipiki! Nilimchukia mtu yule hata sura yake siijui.

Enzi hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Malori ya Dar yalipanda milimani kufuata kabichi, na kila mwenye jembe akaongeza shamba, juu zaidi, hadi msitu unakoanzia. Kule wanafyeka, wanaacha majani yakauke, wanatia kiberiti, wanasubiri mvua. Safari hii moto ulitoroka, ukala mteremko mzima juu ya mto tunaokunywa sisi wa mjini. Ijumaa mvua kubwa ikanyesha, watu wakashangilia. Wapi! Mvua ilifagia majivu yote ikayatia mtoni. Jumamosi asubuhi bomba letu lilikohoa, likatema, likatoa kitu cheusi kinachonuka jiko. Jirani yangu alionja akasema ni chai, imekosa sukari tu.

Mshenga wangu, mzee mstaafu wa reli, alifika amevaa suti ya mtumba niliyomwazima, na kwapani ana chupa ya maji ya dukani, kitu kigeni mjini siku zile.

"Haya ni ya koo langu," alituonya mimi na kaka yangu. "Mtu asiniombe."

Nyumbani kwa binti, chini kabisa ya mlima, tulimkuta mama yake, shangazi yake, na mjomba wake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye neno alikuwa mjomba, ameteremka kutoka kijijini asubuhi ileile. Nilimpa shikamoo yangu, akaitikia marahaba, ndipo nikaona hana nyusi. Hana hata unywele mmoja juu ya macho. Sasa mtu hana nyusi, unaanzaje kumuuliza?

Katika nyumba ile posa haikufunguliwa kwa maneno. Wageni hunywa kwanza maji ya nyumbani, wote, mpaka glasi iwe tupu, na anayebakiza amemkataa binti. Binti akaleta sinia. Glasi nne, tatu zetu na moja ya mjomba, nyeusi tii.

"Tumeyachemsha, tukayachuja kwa kanga mara tatu," alisema mama yake kwa aibu. "Ndiyo maji tuliyo nayo."

Mshenga akaanza kufungua chupa yake polepole, kama mtu anayeiba sukari. Shangazi akakohoa.

"Maji ya nyumba hii, mzee."

"Mama, mimi nina vidonda vya tumbo," alisema mshenga, akairudisha glasi yake kwenye sinia. Kaka yangu naye, damu yangu kabisa, akaipa glasi yake kisogo akaanza kusoma kalenda ukutani.

"Basi wamemkataa," alisema shangazi.

Nyuma ya pazia nilisikia binti amevuta pumzi kwa nguvu. Niliogopa mno. Nikaiona akilini ile pikipiki ya fundi redio inaingia uani. Nikanyanyua glasi yangu nikaimaliza. Nikachukua ya mshenga, nikaimaliza. Nikachukua ya kaka. Mchanga ulikuwa unalia menoni na machozi yananitiririka.

"Matamu," nilisema.

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. "Kijana mwongo huyu!" Akachukua glasi yake ili anionyeshe jinsi wanaume wanavyokunywa. Akapiga funda moja. Kicheko kikakatika. Akalizungusha mdomoni, akalimeza, akaitazama glasi.

"Hili ni shamba langu," alisema.

Akachovya kidole kwenye glasi, akausugua ule weusi.

"Udongo huu naujua. Ni ule wa juu, nilikofyeka juzijuzi. Sikukata njia ya kuzuia moto. Peke yangu ningeikataje? Wenzangu wote walikuwa wanapakia kabichi. Nikasema, ah, upepo umelala." Alijigusa pale nyusi zilipokuwa. "Mji mzima unaninywa mimi."

Akalia, mtu mzima yule, mbele ya wakwe watarajiwa. Shangazi alimwekea mkono begani. Mjomba akajifuta uso, akanigeukia.

"Nilikuja kukutajia mahari. Umeshanywa shamba langu glasi tatu. Nikutajie nini tena? Mchukue."

Siku tatu zilizofuata sizisimulii. Siku ya harusi mjomba alishuka kwa miguu na madumu mawili ya maji ya chemchemi, kutoka upande wa mlima ambao haukuungua, na hakukubali mtu ampokee. Alisimama mlangoni akimmiminia kila mgeni kwa mkono wake. Mpaka anazeeka alikata njia ya moto kila kiangazi, ya shamba lake na ya majirani waliomcheka.

Tulimzika mwaka jana. Moshi ukionekana mlimani, mke wangu hujaza ndoo, sufuria, hadi beseni la kufulia, halafu huketi uani akiutazama.

"Si yeye," husema.

"Najua," namjibu, nami nasogeza kigoda changu karibu naye.