Uulkan, mama wa maziwa aliyekataa kukodi masega

Saa kumi na moja alfajiri mfuniko wa birika unacheza juu ya jiko, ta-ta-ta, na Bibi Sonun anaunyamazisha kwa kidole ili mkwewe apate usingizi kidogo zaidi. Amechelewa. Uulkan yuko uani tayari, amelala chali juu ya gunia, miguu imechungulia kutoka uvungu wa gari.

"Mama, nimulikie hapa."

Bibi Sonun ana miaka themanini na mmoja. Anachukua tochi, anachuchumaa polepole na kumulika ekzosi kama anayemtazama mgonjwa. "Inavuja?"

"Ilikuwa inavuja. Sasa imefunga mdomo."

Leo ndiyo leo. Gari lisipopita kipimo cha moshi, kibali chake cha barabara kinafutwa.

Uulkan Beyshenova, mwenye umri wa miaka 54, huchukua maziwa ya kaya kumi na moja kijijini Ak-Tash na kuyashusha mji mkuu, Bishkek, safari ya saa mbili. Ni lita mia tatu hivi kwa siku. Akishatoa petroli, hubakiwa na som 1,900 za fedha ya huko, na hizo ndizo zinazomlisha yeye na mama wa marehemu mumewe.

Gari lenyewe ni la Kirusi, refu la mviringo, na watu wote hulijua kwa jina la Mkate. Injini yake ya kwanza ilifia mlimani miaka sita iliyopita, mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki. Uulkan alinunua injini ya lori dogo la Kijapani lililopinduka, akakata vyuma, akachomelea vishikizo vipya na kuifunga mwenyewe. Karatasi zake zina muhuri.

"Walisema injini ya Kijapani haitakaa kwenye mwili wa Kirusi," anasema huku akijifuta grisi. "Nikawaambia, mimi nimekaa na wakwe miaka thelathini, itakuwa chuma?"

"Nakusikia!" anasema Bibi Sonun.

"Nasema ili usikie, mama."

Tangu vuli hii, gari la mizigo haliingii mjini bila cheti cha moshi. Mkate umepimwa mara mbili na kuanguka mara mbili. Kikomo kilichobandikwa ukutani kituoni kwa magari ya umri wake ni asilimia tatu ya gesi ya sumu. Mkate ulipata tano nukta nane. Nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho.

Kwa siku tisa sasa maziwa hayajashuka. Wenye ng'ombe wameyagandisha, wakafinyanga vidonge vya jibini na kuvianika juu ya paa. "Hakuna aliyekuja kunigombeza," anasema Uulkan. "Jirani mmoja aliniletea siagi. Hiyo siagi iliniuma kuliko matusi."

Njia ya mkato ipo, na wengi wanaipita. Karibu na lango la kituo cha kupimia hukaa kijana aitwaye Zamir, ambaye hukodisha masega, kile kichujio cha moshi kinachofungwa kwenye ekzosi. Unalipa som 1,500, unafungiwa, unapimwa, unapata cheti, kisha unafunguliwa na kurudi na moshi wako uleule.

Uulkan amekataa. Kila asubuhi hushusha madumu kwenye shule ya chekechea mjini, na mpishi wa pale, akiusikia Mkate unaingia, hufunga dirisha la jikoni kwanza ndipo atoke kumsalimu kwa tabasamu.

"Hajawahi kuniambia neno. Ni mtu mwenye adabu," anasema Uulkan. "Lakini dirisha lilikuwa linaniambia. Mashine naweza kuidanganya. Wale watoto nitawakodishia mapafu ya nani?"

Basi akatafuta ugonjwa mwenyewe. Plagi zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Akazibadilisha, akaosha kabureta, akaziba ekzosi, na moshi ukabaki vilevile. Juzi akafungua bomba ambalo kwalo injini huvuta hewa, akaingiza vidole, akatoa kipande cha sufu nzito iliyogandamizwa tabaka juu ya tabaka, kimelowa mafuta, kimeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyolingana.

Mkono ule aliujua. Injini ilikuwa inanyongwa na mama mkwe.

"Nilikaa nacho nikikosa pa kuanzia," anasema. Alikifua kwa maji moto, akakianika karibu na jiko. Bibi Sonun akakiona.

"Kumbe aliyefeli ni mimi," alisema bibi. "Niliona vumbi la mlimani, nikasema hii nayo ina pua, nikaifunika. Kila vuli naongeza kipya."

"Juu ya cha zamani, mama?"

"Sasa, wakati wa baridi mtu anavua nguo?"

Wakacheka mpaka bibi akashika mbavu. Kisha akatangaza kwamba siku ya kipimo naye atakwenda.

Saa nne wako kwenye foleni, theluji nyepesi ikianguka, injini zote zimezimwa kwa amri. Zamir anapita na masega yake begani.

"Dada, bado una kiburi? Leo nakupunguzia."

"Kaa nayo, mdogo wangu. Jifunge wewe, maneno yako yana moshi."

Madereva wanapiga miluzi. Zamir mwenyewe anacheka.

Zamu yao inafika saa sita kasoro. Mpimaji, Talas, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu, anaingiza mrija kwenye ekzosi. Tatu nukta nne.

"Pole, mama." Anachukua muhuri.

Uulkan anaweka kiganja juu ya karatasi. "Soma bango lako, mstari wa pili. Injini ipimwe ikiwa moto. Hii mmeizimisha saa mbili kwenye theluji."

"Mama, watu wanasubiri."

"Mimi pia nilisubiri. Sikuombi huruma, mwanangu. Nakuomba bango."

Talas anatazama ukuta. Nyuma, mwenye teksi anapaza sauti, "Mpe haki yake, sisi tupo!" Talas anaweka muhuri chini. "Nusu saa. Bibi abaki hapa ndani, kuna hita."

Anamshika bibi kiwiko, anampa kiti chake mwenyewe. Bibi anafungua kitambaa chenye maandazi, wanakula wote wawili.

Uulkan anapandisha Mkate kilima cha nyuma ya kituo, anashuka, anapandisha tena, na kurudi akinguruma. Mrija unaingia. Namba zinapanda, zinasita, zinashuka. Mbili nukta sita.

Muhuri unagonga.

"Kesho maziwa yanashuka," anasema Uulkan. Kisha anamgeukia Zamir aliyekuja kuchungulia. "Nitafunga masega pia, usishangae. Mapya, yangu, kabla ya majira ya kuchipua. Na mwakani narudi hapa na injini hiihii."

Talas anamsindikiza bibi garini. Anasema Ak-Tash anapajua, alifika mara moja, kwenye msiba wa mjomba wake.

"Msibani huhesabiwi umetembea," anasema Bibi Sonun, akimshika mkono kupitia dirishani. "Njoo tena. Njoo siku watu wanacheka."