Sangara Aliyerudishwa Ziwani

Jiwe ambalo baba alikuwaga anavulia pale Buhare, kando ya ziwa, sasa liko ndani ya uzio wa hoteli. Ninalikanyaga nikiwa na mgeni wa hoteli tu, kumwonyesha pa kutupia ndoana.

Kwetu jirani akifiwa, samaki wa kwanza wa siku hauzwi, anapelekwa msibani. Siku moja jirani yetu alikuwa amefiwa na mumewe, na mama yangu alishabandika sufuria kule msibani akinisubiri.

Mgeni akavuta sangara mnene kama ndama. Nikamkumbatia samaki yule, tukapigwa picha. Kisha mgeni akamrudisha majini polepole, kama anaogesha mtoto, akasema yeye anavua kwa raha tu. Nikameza ombi langu, kibarua kisije kikaota nyasi.

Nilifika msibani nanuka shombo. Mama akachungulia mgongoni kwangu.

“Samaki yuko wapi?”

“Mgeni kamrudisha ziwani, mama.”

“Alikuwa ameoza?”

“Hapana. Alikuwa mzima kabisa.”

Akaepua sufuria, akamwaga maji yaliyokuwa yanachemka.

“Kumbe kwao watu hawafi.”