Unga Mweusi kwenye Baryere ya Beni

Nilirudi Butembo, mashariki mwa Kongo, kumzika baba, nikidhani baada ya matanga nitarejea chuoni Kampala. Lakini barabara ilifungwa kwa sababu ya mapigano, nikabaki na mama mtaani kwetu Vulamba, mwezi baada ya mwezi. Utafiti wangu wa batri za sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, ukasimama.

Ili nisipate wazimu, nilianza kutengeneza jikoni unga wa kutia ndani ya batri hizo. Nilichanganya unga laini mno wa kutu ya chuma na maji ya sukari, nikaukausha, nikaufungia ndani ya kopo na kuziba kifuniko kwa udongo. Mhunzi wa mtaa wa Kimemi akaniwekea kopo hilo motoni. Mara ya kwanza hewa iliingia, unga ukatoka mwekundu vilevile. Baadaye ukatoka mweusi: sukari imekuwa kaboni, imefunika kila chembe. Bila kaboni ile umeme haupiti vizuri, na chembe hupasuka sodiamu inapoingia na kutoka. Sasa nilihitaji mashine za Kampala kuupima.

Barabara ilipofunguliwa nililala Beni kwa mjomba, mwenye lori. Asubuhi tukaingia kwenye msafara wa magari yanayosindikizwa hadi mpakani. Kwenye baryere, kizuizi cha barabarani, askari akafungua chupa yangu ya unga.

“Hii ni nini, mama?”

“Unga ya kutengeneza batri, chef,” nilimjibu, kama askari wanavyoitwa kwa heshima. “Ni kutu ya chuma na kaboni.”

“Baruti iko na rangi hii hii.”

“Hapana baruti. Haiwezi kulipuka.”

“Basi ungoje mukubwa akuje.”

Mjomba alininong'oneza, “Mwaga ile unga, mutoto yangu. Tuende.”

Sikuweza. Magari yakaanza kuondoka, na mjomba alikuwa na mizigo ya watu. Akaenda.

Mkubwa alikuja alasiri, akanusa chupa, akanirudishia. Kesho yake barabara ya mpakani ikafungwa tena, nikarudi Butembo.

Mama alinipokea uani. “Mungu amesikia,” alisema. “Nilimuomba asikuache uende.”

Alinipikia fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu. Nilikula nikiwa na hasira naye, na haya ya hasira ile.

Unga ulisafiri kwa ndege hadi Kampala na mfanyabiashara mmoja. Mwenzangu wa maabara aliupima, akaniandikia kwamba unashika chaji, ila unachoka mapema. Ananiuliza nitarudi lini. Nafundisha kemia hapa sasa, na bado sijamjibu.