Makofi ya kazi ambayo sina

Leo kanisani nimepigiwa makofi kwa kazi ambayo sina.

Juzi nilituma chuoni dossier ya kuomba master ya uuguzi, ile inayopokea watu waliosomea kitu kingine. Mimi nimechora ramani za migodi miaka kumi na moja. Nikiona damu, natafuta kiti.

Bon, nilimwambia mama yangu peke yake, aniombee.

Leo, kanisani kwetu Koekelberg, akasimama kutoa ushuhuda: «Tunamushukuru Mungu mbele ya wakati. Mutoto wangu ni infirmière.» Muuguzi tayari, mimi.

Kanisa lote likaitika amina na kunipigia makofi. Hata mimi nilicheka.

Kisha Maman Georgette, rafiki ya mama, akanivuta kwenye korido na kuvua kiatu cha kushoto.

Kidole gumba kimekuwa cheusi.

Ana ugonjwa wa sukari, hilo sote tunajua. Habari ya kidole, hata watoto wake hawajui.

«Nilikuwa nangoja muntu wetu,» akasema. «Nikienda kwa daktari, atakikata. Wewe utaniangalia.»

Nikamwambia ukweli: maman, sijui kitu, hata jibu sijapata.

Akanipapasa shavu. «Mungu amekwisha kujibu.» Akavaa kiatu, akaenda kula na wengine.

Sasa niko kwenye metro, simu mkononi. Namba ya binti yake ninayo. Maman Georgette amenikataza kusema kwa muntu yeyote.

Jibu la chuo litakuja baada ya wiki sita.

Nyinyi mnaofanya kazi hospitali kule Woluwe, niambieni: kidole cha namna ile kinangoja siku ngapi?