Yago la Nicanor

Itangazwe kwa wanadamu wote, na hasa kwa wakata mkonge wa Ruiru ambao bahari hawajaiona: Serikali ya Malkia haina upande katika vita vya yale mataifa mawili ya mbali. Meli ya kivita ya yeyote kati yao ikiingia Kilindini itapewa siku moja, na makaa ya kuifikisha kwao, kisha itoke. Ikikaidi, itakamatwa. Mungu ailinde haki.

Katika meli moja ya namna hiyo alikuwamo Nicanor, mtia makaa tanurini, mwana wa pekee wa mama Awiti, mkata mkonge wa Ruiru. Hakuwa mwanajeshi, alifuata mshahara. Homa ikamwangusha, na nahodha akaomba ashushwe atibiwe. Mkubwa mmoja wa bandari akajibu kwamba mtu wa meli ya vita hashuki ovyo katika nchi isiyo na upande. Jambo hilo litafikiriwa. Siku ikaisha, kufikiri hakujaisha. Meli ikatimuliwa, Nicanor ndani. Akafia njiani, wakamzika baharini.

Binamu yake Odhiambo, kuli wa bandarini, ndiye aliyepanda gari moshi kuleta habari. Awiti alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akauliza mwili uko wapi. Akaambiwa. Akauliza tena.

Kwa Wajaluo, mtu asiyepatikana huzikwa kwa yago, tunda refu, zito, la porini. Hulazwa kaburini mahali pake ili roho yake itulie. Balaa ni kwamba kwa Wakikuyu wa Ruiru tunda hilohilo ndilo la kuchachusha pombe ya muratina. Awiti alilipata kando ya mto, akalifunga kwa leso, akalipakata kama mtoto, tayari kwenda nalo kwao Nyanza. Nyapara wa shamba akamwona.

"Mama Nicanor! Kumbe siku hizi unapika?"

"Sipiki."

"Na hilo ni nini, dawa ya kikohozi?"

Kambi nzima ikacheka. Hata Katunge, jirani aliyekuwa amelia naye asubuhi, alicheka kidogo kabla ya kujishika mdomo. Pombe bila kibali ilikuwa kosa, kwa hiyo yago likapelekwa kituoni, likawekwa juu ya meza ya Koplo Hassan.

Awiti akalifuata. "Nipe mtoto wangu nikamzike."

Koplo akadhani mama amerukwa na akili, mpaka Odhiambo alipomweleza yote: meli, vita, bahari. Koplo akavua kofia. Akalisukuma tunda kidogo kuelekea kwa mama, halafu akamkumbuka mkubwa wake, akalizuia kwa kidole.

"Pole sana, mama. Lakini hata mimi nitaulizwa. Huyo marehemu, katika vita hivyo, alikuwa upande gani?"

Awiti akakitoa kidole cha koplo, akalifunga yago ndani ya leso.

"Alikuwa mgonjwa," akasema.