Minazi Mitatu ya Shemeji Hamisi

Siku Hamisi alipoingia kwenye kiwanja nilichoachiwa na baba, huku Mbagala, tulikuwepo watano: mie, niliyekuwa mjane kijana; mama mkwe wangu Bi Mwanahawa; jirani wa mpakani Mzee Likwata; Hamisi mwenyewe, mdogo wa marehemu mume wangu; na mkewe Somoe. Nikasema, "Shemeji, kaa hapa, lima mihogo, mpaka upate kwako." Hatukuandika. Nani amwandikishe shemeji yake?

Mwanangu, mwaka wa pili nikakuta kapanda minazi mitatu. Nikaona haya kumuuliza. Bi Mwanahawa akanivuta pembeni.

"We Zuhura, huoni? Muhogo utang'olewa, mnazi utabaki. Kesho atasema hapa pake."

"Mama, si mwanao yule?"

"Ndiyo maana namjua! Kamwambie, Likwata asikie."

Nikaenda, nikamwambia mbele ya Likwata kwamba hata penye minazi ni pangu. Hamisi akacheka: "Shemeji nawe! Ikizaa utaletewa." Kweli, kila walipoangua nazi, Somoe aliniletea fungu langu.

Miaka ikaenda. Lami ikasogea, viwanja vikagombewa, Hamisi akanishtaki baraza la ardhi: kakaa zaidi ya miaka kumi na miwili, hakuna aliyemuuliza, basi pake. Kesi ikaahirishwa hata benchi likanizoea. Leo mwenyekiti anaumwa, kesho jalada halionekani. Bi Mwanahawa akafariki katikati, kisha Likwata. Nani sasa angesema nilimkaribisha?

Akasimama Somoe, naye anajua jioni atarudi nyumba ipi! "Tulikaribishwa," akasema. "Mpaka leo nazi zake nampelekea, nabeba kwa kichwa hiki."

Hamisi akainama. Baraza likanipa kiwanja changu. Nami kona ya minazi nikampa Somoe, safari hii kwa maandishi, mbele ya mjumbe wa mtaa.

Basi mwanangu, ukimkaribisha mtu kwenye ardhi yako, andikeni siku hiyo hiyo mkiwa bado mnapendana, na majina ya waliokuwepo. Ukiona kapanda cha kudumu, sema mapema, haya uiweke kando. Na kesi ikirefuka usikate tamaa: aliyekaribishwa hageuki mwenye ardhi kwa kukaa sana, maadamu yupo anayekumbuka na kusema kweli.

Mola akupe pa kujenga, na jirani wa kukushuhudia. Kama kuna jina nimelikosea, Somoe yu hai, pale penye minazi. Kamuulize, uje unisahihishe.